Kwa Baba, Aliyezishona Herufi za Darasa la Awali

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu cherehani yako iliponyamaza katikati ya herufi k.

Kila asubuhi tuliamshwa na mlio wake. Kwanza ulifuta vumbi, ukatia tone la mafuta, ukajaribu mshono kwenye kitambaa chakavu. Halafu uliita, "Mwalimu! Leo zamu ya nani?" Nami nilikutajia herufi huku mswaki uko kinywani. Siku ile ulishona mguu mrefu wa k, ukabana mikono yake mifupi kwa pini, na mlio ukakatika. Mama alipaza sauti kutoka jikoni, "Uzi umekatika?" Alipofika na kikombe cha chai alikuta umelaza kichwa juu ya mkono, futi ya kupimia bado shingoni.

Wengi walikufahamu kwa suruali zisizofumuka. Mtaani walikuita Fundi Pini, kwa sababu uliongea na pini midomoni na bado kila mtu alikuelewa. Hukumwacha mtu apite na kifungo kinachoning'inia, hata kama shati hukulishona wewe. "Simama hapo hapo," ulimwambia, "usinitie aibu barabarani." Kaka anasema mpaka leo akiona kifungo kimelegea vidole vinamwasha.

Lakini wapo watoto thelathini na wanane wanaokukumbuka kwa kazi nyingine.

Nilipoanza mazoezi ya kufundisha, darasa langu lilitazama ubao kama watu wanaotazama mvua. Wengine walishika penseli kwa ngumi. Nilikueleza mezani kwamba kidole kinapaswa kuijua herufi kabla ya penseli. Uliniuliza swali moja tu: "Kidole kinaanzia wapi?" Kesho yake ulianza kukata herufi kutoka mabaki ya jinzi, ili zikwaruze kidogo, ukazishona juu ya vipande laini vyeupe. Pale kidole kinapoanzia uliweka kifungo chekundu. Chini ulikunja upindo mnene, mtoto ajue chini ni wapi hata akiwa amefumba macho.

Fungu la kwanza lilituchekesha mno. Ulikuwa umekunja kitambaa mara mbili, kama unavyokata mikono ya shati, na kila herufi ikapata mwenzake anayetazama nyuma.

"Baba, herufi haziendi pea!"

"Ungesema mapema. Mimi nimezoea watu wenye mikono miwili." Ukavua miwani ufute machozi ya kicheko. Mpaka leo Mama anashikia sufuria kwa ile r iliyogeuka.

Tulizitia herufi ndani ya mfuko. Mtoto anaingiza mkono, anapapasa, anataja. "Ina tumbo na mkia!" alipiga kelele msichana mmoja ambaye muhula mzima hakuwa ametamka neno darasani. Ilikuwa g. Aliichora hewani, kisha kwa chaki sakafuni, mwisho kwenye daftari, tumbo likakaa juu ya mstari na mkia ukaning'inia chini yake. Nilipokusimulia ulinitaka nirudie mara tatu.

Sasa nafika mahali ninapopaogopa. Familia wamenipa kalamu mimi niandike kumbukumbu hii kwa kuwa nilisomea ualimu. Niliwaomba wampe Kaka, wakakataa.

Siku mkufunzi wa chuo alipokuja kunikagua, ulileta mwenyewe herufi za mwisho. Ulisimama mlangoni, nyuzi zimenata kwenye mkono wa shati. Mkufunzi alikuwa anaisugua herufi a kwa kidole gumba. "Zana nzuri sana hizi. Umezitengeneza mwenyewe?" Wenzangu wawili wa chuo walikuwa wamekaa nyuma, wananitazama. Nikasema, "Ndiyo, mwalimu." Akakugeukia. "Na huyu mzee?"

Nikasema, "Ni fundi. Ameleta mzigo."

Ulinitazama kidogo tu. Kisha ukamkabidhi mkufunzi ule mfuko kwa mikono miwili. "Ndiyo, mwalimu. Mzigo wenyewe ndio huu. Kazi njema." Ukaondoka.

Nyumbani ulimwambia Mama, "Mwanao kafaulu," basi. Kesho yake cherehani ililia kama kawaida, ukaita kama kawaida, "Mwalimu! Leo zamu ya nani?" Ulikuwa umeanza seti ya pili, maana ya kwanza ilikuwa inalika kwa vidole vya watoto. Miezi mitatu nilitafuta pa kuanzia. Siku moja nilifika hadi, "Baba, ile siku ya mkufunzi…" Ulitoa pini zote midomoni, ukazichomeka kwenye kimto chake, ukanisubiri.

"Alisifu upindo," nikasema.

"Ahaa," ukajibu. Ukazirudisha pini midomoni, moja moja.

Wiki iliyopita nilimweleza Mama. Akasema, "Siku hiyo alipiga pasi shati lake mara mbili. Aliniambia anakwenda kukuona ukifundisha." Hakunigombeza. Aliinuka, akaniletea ile k na pini zake. "Imalizie." Nimeishona kwa mkono, Baba. Mshono umepinda. Ungeufumua wote.

Juzi mkufunzi alirudi darasani kwangu na wanachuo wapya ili awaonyeshe zana. "Waeleze ulivyozitengeneza," akaniambia. Unaijua sauti yangu, hata kumwita muuza duka inanishinda. Lakini nilisimama mbele ya watoto na wageni, nikasema: "Sikuzitengeneza mimi. Alizishona baba yangu. Ni yule mzee uliyemkuta mlangoni, nikakwambia ni fundi aliyeleta mzigo. Hayupo tena."

Mkufunzi aliitazama ile k iliyopinda. "Mbona hukusema?" akaniuliza taratibu. "Tungempa kiti."

Anakukumbuka mke wako, ambaye bado anaifuta cherehani kila asubuhi. Wanakukumbuka Kaka na mkewe. Wajukuu wako wawili, mmoja akiwa ameanza kupapasa herufi zako. Dada yako, tunayemwita Shangazi Mcheshi, ambaye mwaka huu hana utani. Majirani na wote waliovaa kazi ya mikono yako. Hakuna siku itakayopita bila wewe.

Nami mwanao nakukumbuka, na lile neno nililokuwa nikilitafutia pa kuanzia, leo nalisoma kwa sauti mbele ya familia nzima, kiti chako kikiwa katikati yetu: nisamehe, Baba.