Viatu vya Baba Kwenye Mfuko wa Kukimbia

Mama,

Naenda shuleni kufundisha, barabara imefunguliwa. Maharagwe yako jikoni. Mtoto Orlane yuko kwa jirani, Mama Lubna, usimwache alale bila kula.

Asubuhi nilikuwa namimina chai risasi zilipolia, tukakimbilia kwa Mama Lubna na mfuko wetu wa kukimbia. Nilipoufungua nitoe maziwa ya Orlane, nikakuta viatu vya Baba na wembe wake. Maziwa uliyaacha nyumbani. Mtoto analia, we unaniambia, "Tukikutana na Baba yako njiani, atatembea miguu mitupu?" Mama Lubna akainama.

Mfuko nimeupanga upya: maziwa, sabuni, kibiriti ndani ya plastiki, kadi za ubatizo. ~~Viatu nimeviweka chini ya kitanda.~~ Apana. Viko hapa mezani, uamue mwenyewe.

Tuliporudi ulijilaza ukageukia ukuta. Sijui kama ulikuwa umelala. Nilisimama mlangoni pako, nikasema kwa sauti: "Mama, wale wenye bunduki walimuua Baba siku ileile waliyomchukua. Naomba tumlilie."

Binti yako mkubwa