Viti Vinane Katika Ghala la Maharage

Kasulu, Machi 2015

Mwalimu Anselmi,

Barua huanza kwa kuuliza hali ya mtu, na mimi hapo ndipo ninapokwama. Basi nikueleze ya huku kwanza.

Ghala limejaa tena. Maharage ya mwezi wa kwanza yamepangwa kuta zote nne, mpaka karibu na mabati, kama ulivyopenda. Ukipiga kofi mle ndani sauti inafia hapo hapo mkononi. Mama Bukuru, yule anayetunza ufunguo wa kikundi, aliniita mwenyewe. "Njoo na zeze lako," alisema, "maharage yamefika na hayana wa kuyaimbia." Nikaenda. Nikakaa juu ya gunia. Sikufungua hata boksi la vayolini. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikamalizia sare za shule.

Watu bado wananiuliza ilikuwa kazi gani ile tuliyokuwa tunafanya. Nikiwaeleza wanaona nawatania. Kwamba prodyuza Dulla wa Dar es Salaam, anayetengeneza muziki wa kompyuta na bongo fleva, alikuwa anatutumia wimbo kwa intaneti, una ngoma na sauti ya mwimbaji basi. Kwamba wewe uliusikiliza kwa spika za masikioni, ukaandika nyuzi zake, yaani sehemu za vayolini, kwenye daftari la mazoezi la darasa la tano, kisha tukaingia ghalani tukapiga sehemu moja moja, mtu mmoja mmoja, tukinasa sauti. Tulipomaliza tulizipeleka kwenye duka la intaneti karibu na soko, zikaondoka polepole nusu siku nzima. Kule Dar Dulla alizipandanisha, na msikilizaji akadhani ni watu wanane wamekaa ukumbini. Kumbe ni mwalimu wa shule ya msingi na fundi cherehani, katikati ya magunia.

Wewe ndiye uliyeleta viti. Ulisema mtu mmoja akirudia sehemu ile ile mara nane, bado anasikika mtu mmoja aliyenenepa. Kwa hiyo kila mara ulihamisha kiti, na kila kiti ulikipa mwenyewe. Kabla ya kupiga ulimtaja, na kinasa sauti kilimsikia. "Sasa anaingia Karani. Karani hacheleweshi wala hawahishi." Halafu: "Sasa Mama Dagaa, anapiga kama anaita wateja." Cha tatu alikaa Mzee wa Mabamba, aliyefika na baiskeli yenye ndizi, anahema, kila noti yuko nyuma kidogo. Cha nne Sista wa zahanati. Cha tano Mgeni kutoka Buhigwe, anayeogopa kusikika. Nilikuwa naziba mdomo kwa kitenge nisicheke, maana kicheko changu kiliharibu Mama Dagaa mara mbili.

Viti vitatu vya mwisho vilikuwa vyangu, na hukuvipa majina. Nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Hapo anakaa Editha, na Editha, na Editha. Kila siku unaamka na hali nyingine, sasa nikupe majina ya nini?"

Nakumbuka pia Kibondo, kwenye kwaya, ulipokuja kwetu ukiwa mgeni kabisa. Ulijifunza neno moja tu la Kiha, "Mwakeye," salamu ya asubuhi, ukaamkia watu asubuhi kwa neno hilo, na mchana, na jioni jua likizama. Wazee waliitikia kwa adabu wakasubiri upite ndipo wacheke. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda. Ulinipa vayolini ya pili, ile yenye ufa, ukaniambia nikamate upinde kama namshika kifaranga. Ulipohamishiwa Kasulu nilikuja kukaa kwa shangazi, nikamwambia nimefuata cherehani. Shangazi alinitazama akasema, "Cherehani zimejaa Kibondo, mwanangu." Watu walisema mengi juu yetu, unajua. Hayakuwa kweli. Nilikuwa nimefuata kujifunza.

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi.

Ulikuwa mwezi wa tisa. Magunia yalikuwa yamepungua, yamebaki kuta mbili, na lori lilikuwa linakuja Jumatatu kuchukua yaliyobaki. Dulla alikuwa ametutumia wimbo mkubwa kuliko yote, wa mwimbaji anayejulikana, na alitaka nyuzi zisikike mwanzo mpaka mwisho. Ulifurahi hata ukampigia mama yako Njombe ukamwambia safari hii atakusikia redioni. Ulipiga Karani vizuri. Mama Dagaa vizuri. Kwa Mzee wa Mabamba ulisimama katikati, ukasema, "Ngoja kwanza," ukakaa. Nilidhani unamwigiza mzee. Nilicheka, Mwalimu. Nilisema, "Tumalize bwana, Jumatatu lori linabeba ukuta." Ukainuka, ukamaliza mzee, ukamaliza Sista, ukamaliza Mgeni, jasho likikushuka na ghala lina baridi. Viti vyangu tukasema tutavipiga Jumapili baada ya ibada. Jumapili ukasema umechoka, nikasema basi.

Jumanne ulianguka mbele ya wanafunzi wakiwa mstarini. Hospitalini wakasema ni moyo, na kwamba ulikuwa unaumwa muda mrefu. Mama yako alisafiri siku mbili kwa basi, akakukuta unazungumza kidogo. Alikushika miguu. Alfajiri ya Jumamosi ukaondoka.

Gari lililokupeleka Njombe lilikuwa tayari, walimu wenzako wamepanda, vayolini yako imelazwa pembeni yako. Mama yako alinishika mkono kupitia dirishani. "Ni wewe unayepiga naye?" Nikasema ndiyo, mama. "Aliniambia nitamsikia redioni." Nikamwambia, "Utamsikia, mama. Wimbo ukitoka utamsikia." Alinitazama kama mtu aliyekabidhiwa kitu. Gari likaondoka.

Kwa hiyo ilibidi niumalize. Viti vyako vitano vilikuwepo kwenye kinasa sauti, vilibaki vitatu vyangu. Ghala lilikuwa tupu, linaitika kama tangi la maji. Mama Bukuru alileta magodoro ya nyumbani kwake na mablanketi ya wanawe mapacha, tukatundika. Mvua za mwezi wa kumi zilikuwa zimeanza, nikawa naiba nusu saa asubuhi kabla mabati hayajaanza kelele. Niliweka sauti yako masikioni nikapiga juu yake. Unapovuta, nikavuta. Unapolegeza kidole, nikalegeza. Nilihakikisha kila pumzi yangu iko kwenye pumzi yako. Sijawahi kupiga vizuri vile, Mwalimu, na nilikuwa nalia, na upinde haukutetemeka. Nilisema, hii ndiyo heshima ya mwisho. Nikaipeleka duka la intaneti nikakaa pale mpaka ikaondoka yote.

Baada ya siku tatu Dulla akaandika. "Sista, kazi nzuri, ila mbona nasikia mtu mmoja? Nataka umati."

Sikuelewa. Nilimpa Mama Bukuru spika za masikioni, yeye ambaye hajui noti hata moja, nikamsikilizisha viti vyangu peke yake. Alifumba macho. "Huyu Mwalimu," akasema. Cha pili. "Huyu naye Mwalimu." Cha tatu akatikisa kichwa. "Mwalimu tena. Sasa wewe Editha ulikuwa umekwenda wapi?" Akacheka, halafu akavua zile spika akazishika mkononi, akatoka nje. Nilimwona anajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Ulinionya miaka yote, na kosa hilo nilikuwa sijawahi kulifanya ukiwa hai. Ukiwa hai niliweza kupiga kama mimi, kwa sababu wewe ulikuwa umekaa pale. Ulipoondoka nikaingia kwenye mkono wako nikajificha humo. Nilitaka usikike zaidi, nikakufanya usikike mmoja, mpweke, umejizidisha mara nane.

Nilijaribu tena. Nilivua spika, nikapiga kwa kuhesabu kichwani tu. Mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimeusahau. Siku nyingine ulitoka mkavu, siku nyingine mvua ilinitoa nje. Nilichukua wiki mbili kupata kiti kimoja ambacho Mama Bukuru alisikiliza akasema, "Enhe. Huyu ni wewe, umekasirika." Nikapata cha pili. Cha tatu nilikipiga kibaya nikakipeleka hivyo hivyo.

Jibu lilikuja siku ile ile. "Pole sista, msanii alikuwa na haraka. Nimeweka nyuzi za kompyuta, nimefuata zile noti za Mwalimu. Imekaa poa sana. Mungu amlaze pema."

Sina ugomvi na Dulla. Alisubiri zaidi ya alivyoahidi, na alitutendea vizuri siku zote. Mimi ndiye niliyechelewa.

Wimbo ulianza kupigwa redioni mwezi wa kwanza. Niliusikia barazani nikiwa napinda pindo la gauni. Noti ni zako zote, ile ngazi ya kushuka uliyoiandika na kuifuta mara nne ipo palepale. Mkono si wa mtu yeyote. Hakuna anayechelewa. Hakuna anayeita wateja wala anayeogopa kusikika. Binti aliyekuwa anasubiri gauni lake alianza kucheza, akaniambia, "Dada, hizo vayolini ni hatari!" Nikamwambia asimame wima nimpime kiuno.

Nilijua simu itakuja. Ilikuja jioni moja mwezi wa pili, namba ya Njombe. Mama yako hakunisalimia hata. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Nimemsikia! Editha, nimemsikia mwanangu!" Jirani alikimbia na redio yake mpaka shambani kwake. Alisimama katikati ya viazi akasikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu alikuwa na nguvu namna ile," akasema. "Hakuchoka hata mahali pamoja. Mimi nilikuwa nafikiri aliteseka huko kwenu. Kumbe alikuwa mzima."

Halafu akauliza, taratibu, kama anayeomba. "Ni yeye, sivyo?"

Mwalimu, nilikuwa na viti vyako vitano palepale mezani. Ningeweza kusema, mama, huyo si yeye, subiri nikutumie mwenyewe. Usiku mwingi kabla ya hapo nilikuwa nimevisikiliza, kimoja kimoja. Nakusikia unavyotaja majina. Nasikia pia ambacho sikukisikia siku ile: namna unavyovuta hewa kati ya mistari, kwa shida, kama mtu anayepandisha mlima na mzigo. Na pale kwa Mzee wa Mabamba, "Ngoja kwanza," halafu dakika nzima ya pumzi tu, na kicheko changu juu yake, na sauti yangu ikisema habari za lori. Huko ndiko uliko kweli. Huko unakufa, na mimi nakuharakisha.

Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Ni yeye."

Akashukuru. Akanibariki kwa Kibena, maneno marefu nisiyoyajua, na kila neno lilinichoma. Tangu hapo, kila mara wimbo unapopigwa, ananipigia. Wiki iliyopita mara mbili. Anaanza kusimulia tena: jirani, redio, viazi. Anasema sasa analala. Miezi yote mitano tangu akuzike alikuwa halali.

Sijui kama nilifanya sawa. Kuna siku naona nimempa mama yako mwana wa bati na nimemficha wa nyama na damu. Kuna siku naona sina haki ya kumpa yule mwingine, kwa sababu ndani yake nimo mimi, nacheka. Hata sijui ni yeye ninayemkinga au najikinga mwenyewe. Nimekuuliza wewe, maana hakuna mwingine wa kumuuliza, na ninajua hutajibu.

Dulla ameandika tena juzi. Ana kazi nyingine. Nimemwambia hapana. Mama Bukuru amekasirika, anasema maharage yatauzwa mwezi wa sita na nitajuta. Inawezekana. Mkono haupo, Mwalimu. Nikiinua upinde naanza kusikiliza kama kuna mtu anahema.

Sina jambo zuri la kukuahidi. Nina hili moja. Mama yako akipiga simu, hata kama niko na mteja, hata kama nimelala, nitapokea. Akiuliza kama ni wewe, nitasema ni wewe. Nitasema hivyo mara zote atakazouliza, mpaka yeye mwenyewe aje huko na akuulize uso kwa uso. Siku hiyo mweleze vizuri. Mwambie nilikuwa naogopa.

Pumzika, Mwalimu wangu. Sasa huna lori la kuwahi.

Mwanafunzi wako,
Editha