Mchumba Wangu Ameiosha Bahari

Shosti wangu Dada Zainab, naomba msaada haraka kabla sijamrudishia mtu pete yake kwa kumtupia! Mimi ni Leena, wa Mombasa, nahudumia wazee huku Wembley, na siku zangu za ofu naenda jumba la picha za kuchorwa pale katikati ya Landani, kuingia bure, nasimama mbele ya zile picha za meli kwenye dhoruba, za miaka kama mia mbili nyuma, mawimbi kama milima, milingoti inavunjika, mtu mdogo kama sisimizi kang'ang'ania kamba, weee, mwili wote unanisisimka! Hakuna aliyenifundisha, nimejifunza kwa macho na video za simu, nikachora ya kwangu, rangi ya mafuta, kubwa kama mlango, na wamenikubalia niiweke kwenye maonyesho ya mtaa Jumamosi, ya kwanza maishani mwangu.

Sasa mchumba wangu Muhiddin kazaliwa hapahapa, Kiswahili anasikia lakini anajibu Kiingereza. Nikiwa kazini nikamtumia voisi: "Hani, bahari imechafuka vizuri sana, ukipita nyumbani iangalie." Iangalie, yaani aitazame! Mwenzangu kasikia imechafuka, kasikia iangalie, akaona hiyo kazi ni yake, akachukua sponji na sabuni ya vyombo akaisugua. Bahari nzima! Na rangi haijakauka! Narudi namkuta anatabasamu, mikono buluu mpaka viwikoni: "I cleaned it for you, babe." Mawimbi hayapo, maji yametulia kama ya kwenye karai, na meli yangu bado imelala ubavu, upepo wenyewe hakuna, utadhani nahodha kalewa. Nikamwuliza, kwani bahari huchafuka kwa tope? Akasema, "Sawa, sawa," Kiswahili chake chote ndicho hicho, kama kawaida yake. Mama kwenye simu anacheka tu: "Mwanaume anayesafisha bila kubembelezwa, wewe unamwacha?" Harusi mwezi ujao. Nimwache, au?

Dada Zainab anajibu

Leena, pole. Nimecheka, nisikudanganye, halafu nikakasirika, na hasira si zote za Muhiddin. Wewe kila ofu uko mbele ya zile picha, yeye umempeleka lini? Mtu hajawahi kuona bahari ikikasirika, unamwambia imechafuka, afanye nini? Katii, tena kwa bidii!

Sponji hainitishi. Inayonitisha ni hiyo "sawa, sawa". Leo ni bahari, kesho ataitikia mahari, ataitikia mama yako aje kukaa nanyi, ataitikia watoto sita, hajaelewa hata moja, na wewe utaapa mlikubaliana.

Kwa hiyo pete kaa nayo. Kesho mpeleke mbele ya zile meli, mweleze bahari ikichafuka inakuwaje, kwa Kiswahili, polepole, na akikwama aseme "sijaelewa". Hilo neno mfundishe kabla ya lolote. Akilisema, rudini mchore mawimbi upya, yeye akuchanganyie rangi, na Jumamosi uipeleke hivyohivyo mbichi, na kibao cha "Usiguse". Akirudia sawa yake, mrudishie pete, mkononi, usimtupie.

Haya, mashosti mnaonisikiliza kwenye kipindi: mtu akikuoshea bahari yako kwa mapenzi, wewe ungemfungulia mlango atoke, au ungempa brashi?