Mahamri Uliyonipikia, Nami Sikuja

Ami Hamadi,

Ni mimi, Rajabu, kichwa ngumu wako. Leo nasema mpaka nimalize, maana huwezi kunikatiza. Unaona? Hata sasa nakuchokoza.

Gari lako naendesha mimi siku hizi, kutoka mtaani kwetu New Hope mpaka ghalani kazini Plymouth, huku ughaibuni. Kiti sijakisogeza. Magoti yanagonga usukani, watu wananicheka, lakini sijakisogeza. Redio pia siwashi. "Zima hiyo, tuna somo," ulikuwa ukisema. Ati somo! Mtu aliyewafundisha Kijerumani watembeza watalii wa Mombasa, sasa anasukuma maboksi pamoja nami niliyeikimbia shule, na bado anataka darasa alfajiri, theluji imejaa kioo.

Ukaniambia Kilatini kilisema pater, na Waingereza na jamaa zao wana f pale penye p: father. Kilatini piscis, Kiingereza fish. Nikasema, "Bahati tu hiyo, Ami." Ukacheka mpaka gari likayumba. "Na nyanyako akisema mato, teka na mtele, mtu wa Unguja akasema macho, cheka na mchele, nayo bahati? Sauti haihami peke yake, wee. Huhama na ukoo mzima."

Ndipo tukawekeana mchezo. Mimi nitafute maneno yanayoivunja sheria yako. Nikishindwa, Jumamosi nakuja kwako kupika mahamri. Nikapika, Ami. Nilipika mno. Yakawa magumu kama mawe, nawe ukayachovya kwenye mbaazi ukayamaliza. "Haya yatafaa kuzuilia mlango, ati?"

Halafu siku moja nikakupata. Kilatini baba ni pater, ndugu ni frater, t ile ile. Lakini Mjerumani baba humwita Vater, na ndugu Bruder. Huku t, huku d! Sauti moja imezaaje mbili? Ukawa unarudia Vater, Bruder, kutoka taa nyekundu mpaka taa nyekundu. Mimi nikapiga dashibodi kama ngoma. Ghala zima lilisikia siku hiyo kwamba Rajabu amemkwamisha mwalimu.

Jumamosi ukanipigia simu. "Njoo, ninalo jibu lako." Nikasema, "Usiniharibie ushindi, Ami. Wiki ijayo." Hiyo wiki ijayo ndiyo niliyokubeba begani kwenye jeneza. Udongo ulikuwa umeganda, ukianguka juu yako kwa vipande.

Jibu nimelitafuta mwenyewe. Nimekaa maktaba, mimi! Mkutubi aliniangalia kama nimekuja kuiba. Zamani sana, kabla Wajerumani na Waingereza hawajaachana, neno la ndugu lilikazwa kabla ya sauti ile, na la baba likakazwa baada yake. Palipokazwa baada yake, sauti ikalainika kuwa d, na Mjerumani akaja kuigeuza t; kwenye ndugu ilikuwa th, naye akaigeuza d. Baadaye mkazo wote ukahamia mwanzo wa maneno. Kilichozitenganisha kikaondoka, Ami, hakuna aliyekisikia tena, na alama yake ipo mpaka leo kwenye vinywa vya watu wasiojua kilikuwepo.

Nilitaka kukusikia wewe ukilisema hilo. Kitabu hakitanii.

Jana nikaenda kumweleza Zuhura, binti yako. Akanisikiliza, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake. Akaniambia Jumamosi ile ulikanda unga mwenyewe tangu asubuhi, ukakaanga, ukayafunika kwa kitambaa. Alipokuuliza kwa nini unapika wewe na jibu unalo, ulimwambia anayeuliza swali kama lile hajashindwa.

Mimi nilidhani unaniita nikapike. Yakapoa, Ami. Yalipoa kwa sababu nilitaka kutamba wiki moja zaidi.

Nilipokuwa natoka, Zuhura akasema maneno yake ya Kiingereza, kisha mwishoni akaongeza "ati?" Akaivuta na kuipandisha vilevile kama wewe. Hakujua. Nikasimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni.

Sasa Zuhura naye amenipa neno nimtafutie lilikotoka, mchezo wetu uendelee. Bado nalitafuta. Jumamosi nakwenda kwake na unga, nisikizwe au nichekwe, na kila nitakapoitwa mlangoni kwako nitakwenda siku hiyo hiyo.

Pumzika, Ami. Mahamri yangu bado magumu, lakini nitayaleta ya moto.

Rajabu wako