Kilo Kumi za Mwende

Jumamosi, jioni. Mawingu yamekaa juu ya kijiji chetu cha Kwa Vonza tangu asubuhi, kama wageni waliokataa chai na hawataki kuondoka.

Leo hapa nyumbani kuna furaha. Ni mimi tu nisiyefurahi.

Mjukuu wangu Mwende ana miaka mitatu, na figo zake zinakufa polepole tangu azaliwe. Ugonjwa wenyewe una jina refu, siwezi kulitamka bila kutema mate. Daktari alisema ni wa kurithi: baba yake alibeba nusu, mama yake nusu, wakakutana kanisani wakapendana. Sasa mama yake, Kalunde, atampa figo yake moja. Lakini walisema kwanza mtoto afike kilo kumi, mwili upate nafasi ya figo ya mtu mzima.

Basi tumemlisha. Mayai, uji wa wimbi, maziwa ya mbuzi. Nilimwambia Kalunde tunanenepesha mtoto kama beberu wa Krismasi. Hakucheka, lakini aliongeza kijiko.

Tunampima kwenye mizani ya Mutua, anayenunua pojo sokoni. Mwende anaingia kwenye kikapu, kiondo cha bibi yeyote wa sokoni, tunamtundika kwenye ndoano, anacheka huku akipiga mateke. Wiki nyingi mshale ulikataa kupita tisa.

Leo ulipita kumi.

"Mzee, huyu nimnunue na gunia lake?" Mutua akauliza.

"Nunua. Lakini hutalala, ana maswali kuliko polisi."

Kalunde alilia pale pale mbele ya watu. Amempigia simu mumewe, mwanangu, huko Makindu, amewaambia wa kanisa, kesho ni maombi ya shukrani. Tena Mwende, aliyekuwa akilowesha kitanda kila usiku, siku hizi anaamka mkavu. Hilo nalo tumelisifu.

Mimi niliacha shule darasa la nne nikaingia biashara ya mbuzi. Wako wachuuzi wanaomlambisha mbuzi chumvi, anakunywa maji mpaka anajaa, ndio kilo zake ziwe nyingi sokoni. Mnunuzi mjinga anaangalia mizani. Mwerevu anamshika mnyama.

Nilipomtoa kwenye kiondo, viatu vyake vilikuwa vimembana, na kope zimejaa kama za mtu aliyelia. Nikajifanya namtekenya, nikabonyeza mguu wake kwa kidole gumba.

"Babu, tena," akasema.

Shimo la kidole lilibaki.

Sijui mambo ya madaktari. Maji nayajua, na haya hayatoki tena usiku.

Kliniki ni Alhamisi, na Alhamisi ni mbali sana. Kwetu baba mkwe haingii jikoni kwa mke wa mwanawe. Tangu Kalunde aolewe nimekuwa nikiitisha chakula nikiwa nje, kama kuku. Sasa hivi yuko humo anaimba, Mwende yuko mgongoni.

Nitakohoa mlangoni, halafu niingie nimwambie.

Wacha kwanza amalize huu ubeti.