Huko Mnakokwenda, Reli Iko Upande Gani?

Sasa hivi tu Tunu amemlisha baba yake uji.

Baba yake yuko Grenada, kisiwa cha huko Karibiani, na Tunu yuko hapa kijijini Masanze, kwa hiyo uji umeingia kwenye simu. Nilimwachia aangalie picha ya baba yake kidogo tu, nikageuka kumfukuza kuku, kurudi nakuta kijiko kiko puani kwa baba. Na anampulizia kabisa, puuu, puuu, asije akaungua. "Kula, baba."

Nimefuta kwa kanga. Nimepuliza kile kitundu cha sauti, nimetikisa. Inaandika, ila sauti imekuwa kama mtu anaongea akiwa ndani ya mtungi.

Sikumgombeza. Baba yake alipokuwa hapa ndivyo walivyokula, mmoja anamlisha mwenzake mpaka bakuli linaisha. Mtoto hajasahau. Nani atamgombeza kwa kutosahau?

Leo ni Jumamosi. Mvua ilinyesha asubuhi, saa hizi jua limetoka na ardhi inafuka moshi. Nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, karibu na banda la kuku la Mjomba Sefu, maana hapa ndipo mtandao unapokamata. Ukisogea hatua mbili umeupoteza.

Moyo wangu haujatulia. Nangoja jibu.

Kwa ambao ndiyo kwanza mnanisoma: mume wangu Rajabu ni fundi wa mahema. Anashona yale mahema makubwa ya turubai wanayolala watalii kwetu Mikumi. Mgeni mmoja alilala kwenye hema lake, mvua ikapiga usiku kucha, asubuhi akatoka mkavu, akauliza nani kashona hili. Kumbe yule mgeni ana hoteli ndogo huko Grenada. Basi Rajabu akaitwa akawashonee, awafundishe na vijana wa kule, kazi ikiisha arudi nyumbani. Amepewa nyumba, na mkataba unamruhusu kuwa na mke na mtoto.

Mimi nimeshakubali. Pasi za kusafiria zimetoka. Chanjo ya homa ya manjano tumechoma, Tunu alilia mpaka nesi akamwomba samahani.

Kilichobaki ni neno la Mjomba.

Mjomba Sefu ni kaka wa marehemu mama yangu. Sisi Wasagara mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Najua mnaweza kusema, mama Tunu wewe ni mtu mzima, nenda zako, hakuna polisi atakayekukamata. Ni kweli. Lakini mimi baba sikumjua, huyu ndiye aliyeninunulia sare ya shule, ndiye aliyenisindikiza siku naolewa. Nitapandaje ndege nimempa mgongo?

Akikataa, Tunu atabaki. Na Tunu akibaki, nami nitabaki, na Rajabu atamwona mwanawe akikua kwenye kioo cha simu, yeye akipakwa uji.

Msidhani ni Mjomba peke yake mwenye hofu. Mimi mwenyewe toka Rajabu aseme njooni nimekuwa mtu wa maswali.

Swali la kwanza nilitiwa na Mama Neema, jirani yangu Mikumi, tunauza naye chapati pale yanaposimama malori. Aliniambia, "Shoga, ukifika tu wakakwambia leta pasi tukutunzie, ujue umeuzwa." Nilicheka. Jioni nikampigia Rajabu. Nikamuuliza pasi yako iko wapi? Akasema kwenye droo. Nikasema nionyeshe. Akanuna, lakini alinionyesha, na tiketi ya kurudi pia. Sasa roho imetulia kidogo. Ila za kwangu na Tunu nitalala nazo chini ya mto, anune asinune.

Swali la pili, tutalala wapi. Huko kuna vimbunga, vina msimu wake kama mvua zetu. Mume fundi wa mahema, nisije nikafika nikakabidhiwa hema. Akaapa ni nyumba ya tofali, paa limefungwa kwa vyuma. Anasema redio inawaambia mapema, watu wanagongea mbao madirishani, wanajaza maji kwenye magaloni, wanaweka vyeti kwenye mfuko wa plastiki. Hapo kwenye vyeti nikatabasamu. Mama yangu alikuwa akivining'iniza kwenye kenchi, juu kabisa chini ya paa, kila mvua zikianza.

Malaria hakuna, anasema. Ila kuna mbu wa mchana wenye homa yao ya kuvunja mifupa, kwa hiyo chandarua peke yake hakitoshi, Tunu atavaa mikono mirefu. Nilipomsimulia Mama Neema yote hayo akaweka mwiko chini. "Simba hakuna, tembo wa kula mahindi hakuna, malaria hakuna? Sasa wewe unaogopa nini? Nipeleke mimi."

Ninachoogopa ni mti.

Huko ufukweni kuna mti mmoja una matunda ya kijani kama tofaa dogo, yananukia vizuri tu. Ukila unaungua mdomo na koo. Hata mvua ikinyesha ukajikinga chini yake, yale maji yanayodondoka kwenye majani yanakubabua ngozi. Sehemu nyingine wameupaka rangi nyekundu shinani ili watu wajue. Nikamwangalia mwanangu. Tunu ni mtoto wa kwetu, kilichoanguka chini ya mti ni chakula. Ukwaju anaokota, kunazi anaokota, zambarau anaokota mpaka ulimi unakuwa wa rangi ya wino. Hakuna aliyewahi kumwambia mti unaweza kuwa mbaya. Ningemwambia ili iweje?

Basi nikafunga kitambaa chekundu kwenye mpapai wetu. Kila akiusogelea nasema, "Moto! Nyekundu moto!" Ameelewa vizuri kupita kiasi. Sasa ndoo nyekundu ni moto, nyanya ni moto, na juzi Mama Neema alipaka rangi ya mdomo akienda kanisani, akataka kumbusu, mtoto akakimbia uani anapiga kelele moto, moto. Mama Neema hajanisamehe.

Kwa hiyo nilipokuja kwa Mjomba mara ya kwanza, mwanzoni mwa wiki hii, nilijiona nimejiandaa. Nilipiga magoti nikamwamkia, nikamweleza yote, pasi, mbu, mti, paa la vyuma. Alikuwa anapukuchua mahindi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Halafu akauliza, "Na huko mnakokwenda, reli iko upande gani?"

Nikasogea hapa bandani, penye mtandao.

Nikapiga simu pale pale. Rajabu akacheka. "Mke wangu, hiki kisiwa kizima hakina treni!"

Mjomba akasikia. Akarudia mahindi yake. "Hakuna reli, hakuna mtoto."

Wenye kutoka sehemu nyingine mnaweza kucheka kama Rajabu alivyocheka. Yeye ni mtu wa Berega, kwao ni kwenye vilima, maji hayajawahi kumfuata mtu kitandani. Lakini waulizeni watu wa Kilosa mjini. Mtu wa Kilosa akienda kupanga chumba, kabla ya kuuliza choo, kabla ya kuuliza umeme, anauliza reli iko upande gani. Maana Mto Mkondoa ukivunja kingo, tuta la reli ndilo lililo juu. Watoto wetu wanajua kukimbilia relini kabla hawajajua kuhesabu.

Nilikuwa mdogo, tukiishi Kilosa mjini, maji yalipoingia kwetu. Nakumbuka kandambili zangu zikielea mlangoni, moja ikiwa imetangulia, nyingine inaifuata. Mjomba alikuwa amekuja kututembelea. Alininyanyua akaniweka mabegani, mama nyuma yetu na mfuko wa vyeti kichwani. Maji yalimfika kifuani. Nilikuwa nimemshika macho kwa woga, akawa ananiambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tunakwenda dukani, "Shika kichwa, mama. Usinizibe macho. Nikiona njia, sote tumefika."

Tulifika. Kule juu ya reli kulikuwa na watu, mbuzi, magodoro, na baba mmoja amekumbatia cherehani yake kama mtoto.

Kwa hiyo Mjomba hakuuliza treni. Na mimi nilijua hivyo, ila kwa aibu mbele ya mume nilicheka na mimi. Nilirudi Mikumi nimejichukia. Siku ya pili nikamwandikia Rajabu maneno machache tu. Nikamwambia, usicheke tena. Katafute reli. Maji yakija, Tunu akiwa mabegani kwako, unakwenda wapi, na unapita wapi?

Hakujibu. Siku mbili kimya. Nikasema basi, nimeudhi watu wawili kwa mpigo.

Jana ikaingia video. Ndiyo iliyonileta tena hapa leo.

Imeanzia mlangoni kwenye ile nyumba aliyopewa. Rajabu amebeba bunda la turubai mabegani, amelifunga kwa kamba. Anasema, "Shikamoo, Mjomba. Ni mimi mkweo Rajabu. Hili turubai nimelipima, ni uzito wa Tunu." Halafu akaanza kutembea. Njia inapanda, ina migomba kama kwetu, ina mishelisheli. Anaonyesha korongo, anasema hapa maji yakijaa sipiti, napita huku nyuma ya duka. Anahema. Mama mmoja mzee wa kule anamcheka kutoka dirishani, anamuuliza kwa Kiingereza kwa nini anatembeza turubai, naye anamjibu namtembeza mwanangu. Akafika juu kabisa kwenye shule ya mawe, kuta nene. Akageuza simu, bahari yote ikaonekana chini, na ile nyumba yao ndogo kama kisanduku. "Hapa ndipo watu wote wanapokimbilia wakitangaziwa. Mjomba, hii ndiyo reli yetu. Na samahani kwa kicheko."

Mimi nililia. Nasema ukweli.

Asubuhi hii nimemwekea Mjomba, kabla simu haijalishwa uji. Rajabu aliposema shikamoo, Mjomba akajibu "Marahaba" kwa simu, kama vile mtu yuko pale. Akaangalia mpaka mwisho. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Shikamoo Mjomba. "Marahaba." Mara ya tatu pia aliitikia.

Halafu akasema, "Mbona anahema? Turubai dogo vile."

"Kilima, Mjomba."

"Na kwa nini ameweka mzigo upande mmoja? Mtoto hakai hivyo. Atamwangusha."

Akaniuliza kama shule hiyo mlango wake unafungwa kwa kufuli, na ufunguo anao nani. Nikasema sijui, nitauliza. Akasema uliza. Akanyanyuka akaenda zake kulisha mbuzi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mjomba hata jina la kisiwa halitaji, toka siku ya kwanza anasema "huko" tu, kama ni mahali pa aibu.

Nimeshamwandikia Rajabu habari ya ufunguo. Kwao bado giza, akiamka atakuta. Masikini, atadhani ameoa ukoo wa wapelelezi. Ila najua atakwenda kuuliza. Hilo ndilo nimelipata wiki hii, na nadhani ni kubwa kuliko safari yenyewe. Nilikuwa najua mume wangu ananipenda. Sikujua kama anaweza kubeba turubai kilimani, watu wakimcheka, kwa sababu ya swali la mzee wa Masanze.

Na kuogopa kwangu kumebadilika. Bado naogopa kimbunga, bado naogopa ule mti, na bahari naiogopa kwa sababu sijui kuogelea hata Mkondoa. Lakini sasa nikifumba macho naiona njia. Nyuma ya duka, unapanda, mpaka kwenye mawe.

Ngoja. Nasikia sauti ya Mjomba nyuma ya nyumba. Nachungulia.

Amembeba Tunu mabegani. Anazunguka naye uwanjani, anaingia kwenye dimbwi la mvua ya asubuhi makusudi, anatoka, anaingia tena. Tunu anacheka mpaka anakosa pumzi, amemng'ang'ania masikio.

"Si masikio. Kichwa. Shika kichwa, mama. Na macho usinizibe. Baba yako ataonaje njia?"

Baba yako, amesema.

Sitaki kujipa jibu ambalo sijapewa, namjua mzee wangu, anaweza kubadilika kabla mbuzi hawajashiba, kwa hiyo nitakaa hapa hapa nisubiri mpaka aje aniambie kwa mdomo wake kwamba, ngoja, ananiita, "Mama Tunu! Leta kanga haraka, huyu Mgrenada wako amenikojolea shingoni!", abee Mjomba, naku