Kijiji Kilichogeuka Shimo

Baraka, mume mwenzangu, hujambo huko Ujerumani? Toronto tu wazima. Mke wetu anakusalimu, ila anasema mzuri ni mimi.

Umeniuliza kiko wapi kijiji cha huko Ujerumani nilichofanyia kazi ujanani. Kilikuwa bondeni, kanisa katikati, kila nyumba ikiitwa kwa jina la mwenyewe wa kale. Mimi nilipanga chumba katika nyumba ya Mhunzi, basi wakaniita Mhunzi, wakati hata nyundo sijui kuishika! Kisha yakagunduliwa makaa ya mawe chini yake, wote wakahamishiwa mtaa mpya wa nyumba za namba, na kijiji kikachimbwa hadi kikawa shimo.

Kabla ya kuhama, bibi mwenye nyumba aliniomba, "Mhunzi, twende wote, jina lisipotee."

"Kanada wananisubiri, mrembo!" nikamtania.

Alicheka kidogo tu. Laiti ningemuuliza huyo Mhunzi alikuwa nani.

Babu yako